Uzi wa "instead": nani katoka, nani kaingia?

FundiSteshenari

Wakuu habari za mchana. Mimi nina steshenari, natype barua za watu, CV, mikataba ya pango, maombi ya kazi, mpaka hotuba za harusi. Sasa katika maneno yote ya kizungu yanayopita hapa mezani sijaona linaloteswa kama "instead". Mtu akiona sentensi haijakaa sawa anachomeka instead humo katikati basi anaona kiingereza kimenyooka.

Juzi kijana kaleta barua ya kuomba ufadhili, kaandika "Instead of being poor, my father paid my school fees". Yeye alitaka kusema licha ya umaskini wake mzee alilipa ada. Ila mzungu akiisoma anaelewa mzee alikuwa na njia mbili, ama awe maskini ama alipe ada, akakaa akafikiria akaona aah, bora nilipe ada. Maana imegeuka kabisa! Hapo neno lake ni "despite" au "in spite of" yani licha ya, sio badala ya. Haya mawili wanafunzi wetu wanayachanganya sana, nadhani kwa sababu "in spite of" na "instead of" mdomoni yanafanana fanana, yote yanaanza na in yanaishia na of.

Naona tulifundishwa hili neno kama la kukariri tu, "instead maana yake badala", basi, mwalimu kahamia topiki nyingine. Kumbe kwa mswahili ni rahisi mno sababu lugha yetu tayari inatofautisha. Angalieni:

"instead of" = badala YA
"instead" peke yake = badala YAKE

Hiyo "of" ndo "ya" yetu. Kwahiyo ukisema "hakukuwa na chai, badala yake tukanywa uji" pale hakuna of, unaandika "there was no tea, so we drank porridge instead". Ukisema "tulikunywa uji badala ya chai" hapo of lazima iwepo, "porridge instead of tea". Watu wanaandika "instead tea we drank porridge" alafu wanashangaa kwanini boss anacheka.

Karibuni tuchangie, kila mtu alete yake.

kibosho_one

Mkuu umenigusa, mimi shida yangu ni kitenzi kinachofuata. "Instead of to go" au "instead of go" au "instead of going"? Shule nilisoma ila nilikuwa nakaa nyuma 😂

FundiSteshenari

@kibosho_one ni "instead of going". Baada ya of kitenzi kinavaa ing, haina mjadala. Sababu ya sisi kukosea iko wazi, kwa kiswahili tunasema badala ya KWENDA, na huyo kwenda tumezoeshwa tangu darasa la tatu kwamba kwa kiingereza ni "to go", sasa mtu anahamisha neno kwa neno, badala = instead, ya = of, kwenda = to go, anakuja na "instead of to go". Kumbe kwenda ya kiswahili ina kazi mbili, inaweza kuwa kitenzi na inaweza kuwa jina la tendo, ndo maana tunasema "kwenda kwake kumetusaidia". Pale baada ya "badala ya" imekaa kama jina, na jina la tendo kwa kizungu ndo hiyo ing. Kwahiyo:

"Instead of going to the farm he went to the bar"
"Instead of complaining, pay your rent" (hii ya pili imo kwenye notisi ya mwenye nyumba mmoja nilimtypia, wapangaji mnamjua aina yake)

BintiNyegezi

Mimi sio mtu wa grama mimi ni mtu wa keki, ila nina jambo hapa. Shida yangu haiko kwenye instead, iko kwa ndugu yake "substitute". Sisi tunaojifunza kuoka kwa resipe za mtandaoni hili neno linaweza kukumwagia mtaji wote chini.

Mfano resipe imeandika "you can substitute 3 teaspoons of baking powder for 1 teaspoon of baking soda". Wadada wengi wanasoma kwa mpangilio wa maneno, wanaona powder imetajwa kwanza soda imetajwa mwisho, wanasema aaah kumbe naondoa powder naweka soda. NI KINYUME. Inasema weka powder, soda ndo haipo. Na pale powder ni vijiko vitatu kwa sababu ina nguvu ndogo, soda ni kali karibu mara tatu yake. Sasa wewe ukisoma kichwa chini miguu juu, resipe inayotaka kijiko kimoja cha powder ukaijaza soda kijiko kizima, keki inaiva vizuri tu, inapanda, inakuwa na rangi nzuri ya kahawia, mteja anauma kipande anasikia ladha ya sabuni.

Na kuna ile ya buttermilk, duka gani huku unaipata? Wanaandika "substitute milk and lemon juice for buttermilk". Maana yake chukua maziwa ya kawaida kikombe kimoja, tia kijiko kikubwa kimoja cha limao au siki, acha dakika tano kumi yagande kidogo, tumia hayo. Kilichotajwa kwanza ndo kinaingia kwenye bakuli.

Mzee wa Benchi

Dada @BintiNyegezi umemaliza, ngoja niwape kwa kimpira sababu hapa ndo nyumbani kwake kabisa. Mnakumbuka fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya pale Camp Nou 1999, Manchester United na Bayern? Refa wa akiba na kibao chake pembeni, Sheringham kaingia katoka Blomqvist, baadae dakika ya 81 Solskjaer kaingia katoka Andy Cole. Mtangazaji wa kizungu anasemaje? "Solskjaer for Cole". Anayeingia anatajwa kwanza, kisha "for", kisha anayetoka. Hiyo "for" ndo mahali pa. Kwahiyo ukikutana na "substitute A for B" wewe soma kama kibao cha refa: A namba ya kijani, B namba nyekundu. Na wale wawili waliotokea benchi ndo waliofunga magoli ya dakika za nyongeza, ila hilo mashabiki wa Bayern tusiwakumbushe.

Alafu watu wengi hawajui kwamba sabu zamani hazikuwepo. Ligi ya Uingereza ilianza kuruhusu mchezaji mmoja wa akiba msimu wa 1965/66, tena kwa majeruhi tu, wa kwanza kuingia alikuwa Keith Peacock wa Charlton mwezi wa nane 1965. Kombe la dunia la kwanza kuwa na sabu ni Mexico 1970. Kabla ya hapo mguu ukivunjika timu inacheza na kumi basi. Leo sabu tano, zilikuja kwa muda mwaka 2020 kipindi cha korona, 2022 zikawekwa kwenye sheria moja kwa moja.

kibosho_one

Mzee wa Benchi mbona mimi nasikia sana "Cole was substituted"? Sasa hapo si aliyetoka ndo anasemwa? Au "substituted by"? Mnanichanganya tena nilikuwa nimeshaelewa.

Mzee wa Benchi

Swali zuri mdogo wangu. Mpira nao unachangia hii vurugu. "He was substituted" uwanjani ina maana katolewa. "He came on as a substitute" maana yake kaingia. Kwahiyo neno moja mtu anaingia nalo mwingine anatoka nalo. Alafu wapo watu wanaosema "substitute B with A", yani B atoke A aingie, kama vile wanavyotumia "replace". Kamusi kubwa za siku hizi zinaitaja hii, sio kosa la kukufungisha virago, ila walimu wa zamani wanaichukia kama nini.

FundiSteshenari

Ushauri wangu wa kimeza cha steshenari: kama huna uhakika achana na substitute tumia "replace". Replace haina utata, "replace sugar with honey", sukari inatoka asali inaingia. Anayetoka kwanza, "with", anayeingia. Ni mpangilio uleule wa kiswahili cha "badilisha sukari uweke asali". Ugomvi unakuja pale mtu anapotaka kuonekana kasoma akachanganya "substitute" na "with" kwenye maelekezo ya dawa au mashine, msomaji mmoja anaelewa hivi mwingine vile. Kwenye insha haidhuru. Kwenye maelekezo ya dawa ya mifugo inadhuru.

Njoro254

Niaje watu wa TZ. Sisi huku Kenya tumeshasuluhisha hiyo mambo zamani, tunasema tu "instead ya" 😂😂 "Instead ya kukuja mapema unaketi hapo ukiscroll". Hakuna ing hakuna nini. Mwalimu wa English akisikia anazimia lakini matatu nzima imekuelewa.

Serious note sasa, mimi nimeona watu wakichanganya "instead of" na "rather than". Kwangu mimi instead of ni kitu kimoja kimechukua nafasi ya kingine, finish. Rather than iko na kupenda ndani yake, ni kama kusema heri hii kuliko ile. "I would rather walk than take that matatu", hapo sijasema sikupata matatu, nasema heri miguu. Na baada ya than unaona verb iko tupu, walk, take, bila ing bila to. Hiyo ndio hufanya watu waandike "instead of take".

FundiSteshenari

@Njoro254 hiyo "instead ya" na huku ipo usidhani, maofisini ndo lugha ya mkutano. Na hapo kwenye rather than umeipiga palepale.

AfisaUtumishi mstaafu

Naomba niongeze jambo ambalo linawagusa mifukoni. Nimekaa idara ya rasilimali watu miaka mingi, na neno linalowafanya watu wasaini bila kuelewa ni "in lieu". Ni mkubwa wa instead, ni neno la wanasheria. Mkataba unasema "one month's salary in lieu of notice", mtu anadhani ni posho ya ziada au ni jina la fomu. Maana yake ni mshahara BADALA YA notisi. Yani mwajiri badala ya kukupa taarifa ukaendelea kufanya kazi mpaka muda uishe, anakulipa ule muda unaondoka leo leo.

Kwa Tanzania hili limo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 41. Ukiachishwa ndani ya mwezi wa kwanza notisi ni siku 7 kwa uchache, baada ya hapo anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28, na mwajiri anaruhusiwa kulipa badala ya kutoa notisi. Kenya nao wana sheria yao ya ajira ya 2007, kifungu cha 36 kinaitwa hivyo hivyo malipo badala ya notisi. Sasa ujanja unaofanyika, mtu anaambiwa "tunakupa mshahara wa mwezi mmoja kama shukrani", kumbe ile sio shukrani ni haki yake ya notisi, na haifuti madai yake mengine ya likizo na kiinua mgongo kama anastahili. Someni hilo neno likiwa kwenye karatasi. Ukiona lieu, uliza: kitu gani kimetolewa hapa, na hiki ninachopewa kimeingia mahali pa nini?

Na nyie wa mashirika yasiyo ya kiserikali mnaopenda kusema "nina lieu day", ndo hiyo hiyo, siku ya kupumzika badala ya Jumamosi uliyofanya kazi.

Mwana Katanga

Jambo bote. Miye niko Lubumbashi, huku tulisoma mu Kifaransa. "Lieu" ni Kifaransa, ni fasi, mahali. "Au lieu de" ni mu fasi ya. Na kisha yake tunaweka verbe hivi hivi bila kubadilisha kitu, "au lieu de partir". Njo maana batu ya huku bakianza Kingereza banasema "instead of to leave", si Kiswahili peke yake kinatukosesha, na Kifaransa kinasaidia 😄

FundiSteshenari

Asante sana ndugu yetu wa Katanga, umenifungulia mlango maana hili nilitaka kulileta. "Stead" nayo ni mahali! Neno la kiingereza cha kale kabisa, ndo lile lililobaki kwenye "homestead" ambayo Wakenya wanaitumia sana kwa boma, na "bedstead" fremu ya kitanda. Zamani walikuwa wanaandika mbali mbali, "in stead of", mahali pa, baadae yakagandana. Kwahiyo instead, in lieu, in place, zote ni kitu kimoja, yupo mtu au kitu kimeondoka na nafasi imebaki na mwingine kakaa pale.

Mama Ibada

Bwana asifiwe wapendwa. Mkisema mahali nimekumbuka Biblia. Kwenye vitabu vya Wafalme ile ya kiingereza cha zamani kila mfalme akifa wanaandika mwanawe "reigned in his stead". Ya kwetu ya Union inasema "akatawala mahali pake". Nimesoma zote mbili miaka yote sijawahi kuunganisha! Na pale kwa Ibrahimu, kondoo alitolewa "in the stead of his son", kiswahili badala ya mwanawe.

Ustadh wa Barabara ya 10

Assalaam alaykum. Na badala yenyewe ni kiarabu, b-d-l, ukoo mmoja na badili, badilisha, mbadala. Kiarabu mzizi wenyewe hauzungumzii mahali, unazungumzia kugeuza na kubadilishana, kitu kwa kitu. Ndio maana kwenye kiswahili "badala" inakaa na vitu vizuri kuliko watu.

Kwa watu sisi tuna neno jingine, niaba, nalo kiarabu. Na hapa vijana wanakosea sana kwenye kiingereza, wanasema "instead of" pale panapotaka "on behalf of". Chukua hija ya badali. Mtu amefariki au ni mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anahijiwa na mtu mwingine, na sharti huyo mwingine awe kwanza ameshahiji hija yake mwenyewe. Jina lake ni badali, lakini ukiliandika kwa kiingereza "he went to Makka instead of his father" msomaji anaelewa baba alitakiwa aende, nafasi ikachukuliwa na mtoto, hija ni ya mtoto. Kumbe hija inaandikwa kwa baba. Hapo ni "on behalf of his father". Kwenye instead yule wa kwanza ameondoka kwenye hesabu. Kwenye behalf bado yumo, kazi ni yake, mikono tu ndio ya mwingine.

DaktariWaKata

Ustadh umeeleza vizuri mno. Niongeze uchokozi mdogo tu kwa wana lugha. Sisi hospitali tunapiga "locum", daktari akienda likizo mwingine anashika zamu yake. Ni kilatini, "locum tenens", anayeshika mahali. Na Luteni wa jeshini ni hiyo hiyo kwa kifaransa, lieu na tenant, anayeshika mahali pa mkubwa wake. Kwahiyo nikiwa locum usiku wa Jumapili mimi ni luteni, naomba saluti.

kibosho_one

😂😂 Saluti afande dokta.

Mwl Sijaona

Jamani nimepitia uzi wote. Mimi ni mwalimu, mkuu wa shule akisafiri ananiachia kusaini barua za kiingereza za kwenda kwa wafadhili. Huwa naandika chini "signed instead of the Headmaster". Baada ya maelezo ya Ustadh naona kama nimempindua mkuu wangu. Niandikeje?

FundiSteshenari

Hapana mwalimu hujampindua ila anayesoma atajiuliza mkuu kafukuzwa lini. Angalia barua za serikali za kiswahili, chini pale wanaandika "Kny: KATIBU MKUU". Hiyo Kny ni kwa niaba ya, hawaandiki badala ya Katibu Mkuu hata siku moja. Kiingereza chake ni neno moja tu, "For: HEADMASTER", sahihi yako juu, jina lako chini yake, basi. Na ile "instead that" niliyoiona kwenye ile barua yako ya mwezi uliopita ("instead that the donors come in June") ifute, instead haifuatwi na that. Andika "instead of coming in June, the donors will come in August". Iko kwenye kompyuta bado, pita kesho nikurekebishie, hiyo ya pili sikutozi.